Lukemia haiishi peke yake

Mgonjwa wa lukemia, saratani ya damu, akimaliza awamu ya kwanza ya tibakemikali (kemo), swali la kila mtu ni moja: seli za saratani zimebaki ngapi? Madaktari huchukua uboho, huhesabu. Swali ni la haki. Ila majirani wa seli hizo, mle mle ndani ya mfupa, ni nadra kuulizwa lolote, na hapo ndipo nina ugomvi.

Tangu 1978 mtafiti Ray Schofield alishatoa hoja kwamba seli shina za damu, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu, hutawaliwa na mahali zinapokaa. Seli za jirani huzishikilia, huzilisha, huziamuru zilale au zigawanyike. Lukemia huvamia makao hayo hayo. Kuna protini iitwayo CXCL12, inayotolewa na seli tegemezi za uboho (hao majirani wanaozishikilia seli za damu), ambayo huzivuta seli za saratani na kuzituliza humo. Baadhi hulala. Na kwa kuwa dawa nyingi za kemo hulenga seli inayogawanyika, iliyolala hunusurika.

Hata dawa isiyotegemea mgawanyiko hupata tabu. Dawa iitwayo asparajinesi huondoa asparajini, kirutubisho cha seli, kwenye damu ili seli za lukemia ya limfu, aina moja ya lukemia, zisizoweza kujitengenezea ya kutosha, zife njaa. Maabara yameonyesha kwamba seli tegemezi za uboho huzipa asparajini, na seli za mafuta huzipa glutamini, kirutubisho kingine ambacho dawa hiyo hukiondoa, kama jirani anayepitisha sahani dirishani.

Kilichonishtua zaidi ni utafiti wa 2010: jeni Dicer1 ilipoondolewa kwenye seli changa zinazojenga mfupa wa panya, bila kuigusa damu yenyewe, damu iliharibika na baadhi ya panya wakapata lukemia. Panya si binadamu, sawa. Lakini hapo kosa lilianzia kwa mwenyeji.

Basi tuyabomoe makao? Taratibu. Seli shina zenye afya nazo zinaishi humo. Plerixafor, dawa inayozuia mvuto wa CXCL12, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kuzitoa seli shina ziingie kwenye damu zikavunwe, imejaribiwa pia kuzifurusha seli za lukemia ili kemo izikute nje. Mpaka sasa haijawa tiba ya kawaida ya lukemia, na sishangai: kukata kamba moja hakutoshi penye kamba nyingi. Ningeanza na jambo dogo zaidi, kwamba kila jaribio la dawa mpya lipime pia seli tegemezi, mafuta na mishipa ya uboho, kabla ya tiba na baada yake.