35 ya Nani?

Julai pale Sakina, Arusha, baridi inakufanya uoge uso na miguu tu. Ndiyo maana mjomba, mwenye nyumba ya wageni, alinunua pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la hewa ya nje na kulitia kwenye maji, yenye tangi la lita 300, na hita ya gesi ya kuisaidia. Akaniita mimi, fundi friji wa ukoo.

Kontrola iliuliza swali moja: hewa ya nje ikishuka hadi nyuzi ngapi, gesi ipokee kazi? Nikakumbuka mwongozo mmoja wa Kimarekani: 35. Nikabonyeza 35, nikaenda kula mtori nikijiona injinia.

Wiki ya kwanza mjomba alinitangaza mtaa mzima. "Kijana huyu! Uniti za LUKU zimeganda!"

Siku ya 12 mtungi wa pili wa kilo 15 ukakata. Sifa zikageuka kesi. Nikapaka povu la sabuni kwenye regulata, mpira na kila kiungio: hakuna hata kiputo. Mjomba akahamia kwa mlinzi, eti anachemshia chai usiku. Mlinzi akaapa mpaka akaishiwa mababu.

Nikazunguka nyuma. Saa saba mchana, nyuzi 24, jua linawaka na hita ya gesi inanguruma. Feni ya pampu kimya. Kati ya mapanga yake buibui amefuma utando, nzi wawili wananing'inia humo kama nyama buchani.

Binti wa mjomba, yuko kidato cha pili, akachungulia kontrola. "Kaka, hivi Arusha Julai hufika 35?"

"Haifiki, ndiyo maana ikiwa chini ya..." Nikaishia hapo. 35 ya Wamarekani ni Farenhaiti, yaani nyuzi 1.7 za kwetu, za Selsiasi.

Usiku mjomba akanikalisha na kikokotoo. Kupasha tangi lile kutoka nyuzi 18 hadi 55 kunataka kWh 13 za joto, na kWh moja ni uniti moja ya LUKU. Pampu inatoa joto kama mara tatu ya umeme inaokula: uniti 4.3, kwa shilingi 356 ni kama 1,530. Gesi ina kWh 12.8 kwa kilo, hita ikipoteza asilimia 15 inakula kilo 1.2, kwa mtungi tulionunua 58,000, ni kama 4,600. Ili gesi ishinde, pampu ingebidi itoe joto dogo kuliko umeme inaokula, na hata alfajiri ya nyuzi 12 haifiki huko. Tatizo la hapa si baridi, ni foleni ya kuoga: pampu inachukua zaidi ya saa nne kupasha tangi zima, na wageni walioshuka Mlima Meru hawana subira hiyo.

Basi, kwenye nyuzi za hewa ya nje nikaweka 2. Gesi sasa inaingia maji ya tangi yakishuka chini ya 40, au tunaiwasha kwa mkono umeme ukikatika, maana kiwashio chake ni cha betri.

Asubuhi nikachukua ufagio niondoe utando. Mjomba akanishika mkono.

"Taratibu, mpwa. Huyo ndiye peke yake aliyeifaidi pampu yangu."