Bonanza la kazini lihamie kwenye mikorosho

Kila mwaka ofisi za Mtwara zinafanya bonanza, na kila mwaka bonanza ni lile lile. Fulana za rangi moja, mchakamchaka asubuhi, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, kisha mpira. Ikifika saa nne vijana wa mpira wako uwanjani, na wengine wote wamekaa chini ya turubai na soda mkononi wakisubiri pilau. Watu wa masijala wamekaa na wenzao wa masijala, madereva na madereva. Jumatatu wanarudi kazini vile vile walivyoondoka Ijumaa, na fedha imeshatumika.

Mimi nataka tulete peintiboli. Ni ule mchezo wa timu mbili kuviziana na kulengana kwa vidonge vya rangi: aliyepakwa anainua mkono na kutoka, na timu iliyoteka bendera ya wenzao inashinda. Najua wengi huku kwetu wanauona ni mchezo wa watoto wa matajiri. Nimeucheza Nairobi na wafanyakazi wenzangu, na sijaona kitu kingine kinachowafanya watu wa ofisi moja wasemezane kiasi kile.

Meneja wetu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya tairi la lori, vumbi mpaka kwenye ndevu. Haoni mbele. Anayeona ni binti wa mapokezi aliyejibanza nyuma ya pipa upande wa kushoto, ambaye kazini tulimzoea kwa shikamoo tu na kunyamaza. Anapiga kelele: "Mzee, tulia! Bado! Bado! Haya, kimbia!" Na mzee akakimbia. Wote tulimwona akitii. Kwenye kikao kilichofuata, yule binti aliulizwa anaionaje foleni ya wateja, na aliyemuuliza ni meneja mwenyewe. Semina tulizokalia kwenye kumbi za hoteli hazikuwahi kutufikisha hapo.

Ila faida hiyo haiji kwa kufyatuafyatua tu. Mzunguko wa kwanza waacheni watu wacheze wanavyotaka, watapukutika haraka. Kisha kaeni chini ya mti muulizane: nani alimwona adui akanyamaza? Nani alikwenda peke yake? Mzunguko unaofuata mpeni uongozi mtu wa chini kabisa kwa cheo. Hayo mazungumzo ya katikati ndiyo mafunzo yenyewe, na anayeyaruka ili apate muda wa kucheza zaidi amelipia burudani tu.

Wala si mchezo wa wenye misuli. Ulichezwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani. Walikuwa watu 12 msituni, kila mtu kivyake, na bunduki za rangi walizotumia zilitengenezwa kwa ajili ya kuweka alama kwenye miti na ng'ombe. Chanzo kilikuwa ubishi: porini atasalimika nani, mtu wa mjini au aliyezoea msitu? Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa bwana misitu, na alikusanya bendera zake bila kufyatua hata kidonge kimoja. Nikikumbuka hilo nawafikiria wenzetu waliokulia mashambani Nanyamba na Tandahimba, na akina dada waliokuwa hawashikiki kwenye rede. Mpira wa bonanza haujawahi kuwapa nafasi.

Uwanja tunao. Shamba la mikorosho ya zamani ambayo haijapogolewa, matawi yameinama mpaka yanagusa ardhi, ni maficho tayari. Ongeza magunia ya mchanga na matairi mabovu pale palipo wazi. Wakati mzuri ni mvua zikishakatika na mikorosho haijaanza kuchanua. Maua yakitoka, tokeni, kwa sababu kila ua linalopukutishwa ni korosho za mtu. Miezi hiyo mkulima fedha ya msimu uliopita imeshamwishia na minada bado iko mbali, kwa hiyo kodi ya siku moja ya shamba ingemfaa kweli.

Joto na unyevu wa pwani yetu ni tatizo la kweli. Ganda la kidonge ni jelatini, linanyonya unyevu, linavimba, na kidonge kinapasukia ndani ya mtutu. Vitunzwe kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali penye ubaridi, na vinunuliwe vya kutosha siku hiyo tu.

Kuhusu macho sina mzaha kabisa. Kidonge kinaruhusiwa kutoka kwa mwendo usiozidi futi 300 kwa sekunde, karibu kilomita 330 kwa saa. Kwenye paja kinaacha alama ya siku kadhaa; kwenye jicho kinapofua. Barakoa haivuliwi ndani ya uwanja hata kwa sekunde moja, hata kama kioo kimejaa ukungu wa jasho. Barakoa zikiwa 15, wanacheza watu 15, hata bunduki zikiwa 20. Akina mama wenye mtandio wasiogope: ovaroli pana juu ya nguo na mtandio uliofungwa vizuri chini ya barakoa ni kinga ya ziada.

Halafu kuna jambo la Kusini. Mtwara iliona wanajeshi mitaani mwaka 2013 kwa ajili ya ghasia za kupinga bomba la gesi, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, pale kando ya Mto Ruvuma, kilivamiwa na watu waliotoka Msumbiji. Huku mtu akiona vijana wenye mitutu mashambani hafikirii michezo. Kwa hiyo polisi waulizwe kabla kifaa hakijaagizwa, na serikali ya kijiji ijue siku na saa. Nguo za mabakamaka zisionekane kabisa. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Mzee wa kijiji akija kuuliza, "Wajomba, hizo si bunduki?", apewe kidonge akipasue mwenyewe kwa vidole, aone rangi inavyotoka kwa maji. Na vifaa visafirishwe ndani ya masanduku yaliyofungwa, si vijana kuvishika mkononi nyuma ya pikapu wakikatiza Chikongola.