Babu Kagoma Tena

Kuna watu wakiamka asubuhi wanachungulia hali ya hewa. Mimi nachungulia sinia. Lile sinia kubwa la pilau, lenye maua mekundu pembeni, ambalo mke wangu alilibeba kutoka Tanga mpaka hapa Columbus, Ohio, kalizungushia khanga lisipate mkwaruzo. Siku hizi linalala uvunguni mwa gari, linakinga oili. Nikikuta matone mawili matatu, siku imeanza vizuri. Nikikuta dimbwi ninaloweza kujitazama sura, narudi ndani kimyakimya na kujifanya sijaamka.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la mwaka 1966, silinda nane. Kampuni siitaji, maana haina kosa. Walilitengeneza, wakaliuza, wakaendelea na maisha yao. Mwenye kosa ni mimi niliyeona tangazo saa sita usiku, nikasahau kwamba nina Corolla inayowaka kila siku bila kubembelezwa.

Muuzaji aliniambia limetembea maili 41,000 tu. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee, akachungulia mita, akaniuliza, "41,000 za mara ya kwanza, au za mara ya pili?" Kumbe mita za magari yale zina tarakimu tano. Zikifika 99,999 zinarudi sifuri, gari linazaliwa upya. Kwa hiyo mpaka leo sijui kama nina 41,000 au 141,000 au zaidi, na Babu, ndivyo gari hili linavyoitwa nyumbani, hasemi.

Na zulia! Muuzaji aliniwekea zulia jipya, akasema ni zawadi. Wiki ya tatu nikalifunua kutafuta sarafu iliyodondoka, nikaona lami. Nilimwambia mke wangu aendeshe polepole nimulike vizuri: mstari mweupe wa barabara ukanipita chini ya visigino. Ni chumvi hiyo. Huku theluji ikianguka wanamwaga chumvi barabarani kama wanaunga mchuzi, na bati halina ujanja. Aliyenichomelea sakafu alinitoza bei ya tiketi ya kwenda Dar na kurudi. Sijui kwa nini, lakini tangu siku hiyo kila ankara naipima kwa tiketi za Dar.

Jina la Babu walilitoa watoto, kwa sababu linakohoa, halitoki kukiwa na baridi, na likiwa limelala hairuhusiwi kupiga mpira karibu. Mimi niliona ni mzaha mzuri tu. Mpaka siku bibi yao alipopiga simu kutoka Tanga, kitinda mimba wangu akapokea.

"Babu anavuja," akamwambia. "Baba kamwekea sinia. Jana kakohoa, kakohoa, kazimika katikati ya barabara. Wamembeba na winchi."

Babu wa upande wetu alikuwa kakaa naye barazani anakunywa kahawa, kwa hiyo mama akajua msiba ni wa upande wa mke. Akapiga Muheza kwa wakwe zetu, analia, kutoa pole. Aliyepokea simu ni baba mkwe mwenyewe, mzima wa afya, ana embe mdomoni. Nimeitwa kwenye kikao cha familia cha WhatsApp, nikaulizwa mimi mtu mzima nipo Marekani nafanya nini na gari lililonizidi umri. Sikuwa na jibu. Mpaka leo mzee wa Muheza hajanisamehe, anasema nilimchuria.

Basi tuseme linavuja, lakini linawaka? Linawaka, ukijua dua zake. Unakanyaga pedali ya mafuta mara moja mpaka chini, choki, kile kifuniko cha hewa kwenye kabureta, ifunge. Unaachia. Unaikanyaga kidogo tu, kama unamkanyaga paka usiyetaka aamke, halafu unazungusha ufunguo. Ukikosea, ukapiga pedali mara nne kwa hasira, umelizamisha: petroli imefurika, plagi zimelowa, mtaa mzima unanuka kama kituo cha mafuta. Hapo unasubiri robo saa na mikono kwapani. Na ndiyo saa jirani anapita na mbwa wake, ananyoosha dole gumba: "Gari zuri sana hilo!"

Hayo madole gumba ndiyo yaliyoniponza. Kila nikisimama kujaza mafuta lazima atokee mzee mmoja, avue kofia, aseme baba yake alikuwa nalo kama hilo, rangi hiyohiyo. Nasimama namsikiliza, huku pampu inahesabu. Tangi ni galoni 20, yaani lita 75 na ushei. Likiwa na furaha linakwenda maili 12 kwa galoni, ambayo kwa hesabu ya nyumbani ni kilometa tano kwa lita. Anamaliza hadithi ya baba yake na mimi nimemaliza posho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, ngoja nikuongezee galoni mbili kwa heshima ya marehemu.

Na wese lenyewe linamchagua. Babu alikulia kwenye petroli yenye madini ya risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Ya siku hizi kwenye pampu nyingi ina asilimia 10 ya ethanoli, nayo inaitafuna mipira ya zamani kama mchwa. Nimebadilisha mipira yote ya mafuta. Spea sio ghali, nisiseme uongo. Ghali ni mtu wa kuzifunga, kwa sababu anahesabiwa kwa saa na kwanza humjui anayelijua gari lenyewe.

Niliwahi kulipeleka gereji moja ya kisasa. Akaja kijana msafi, glovu nyeusi, kompyuta mkononi. Akapiga magoti chini ya usukani anapapasa. Dakika tano, dakika kumi. Nikamwuliza, mwanangu umepoteza nini? "Natafuta tundu la kuchomeka kompyuta." Tundu hilo magari ya huku yalianza kulazimishwa kuwa nalo mwaka huohuo 1996. Nikampa mkono kumwinua. Na nikalipia muda wake wa kupapasa.

Nikarudi kwa yule fundi mzee. Yeye akafungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, akatoa kiberiti cha karatasi mfukoni, akachana kipande cha jalada, akakipenyeza kati ya platini mbili kupima nafasi yake, akakaza skrubu, akakichomoa, akasema washa. Likawaka kama limetukanwa. Kiberiti kile nimekiweka kwenye droo ya pasipoti.

Ana miaka sabini na kitu, yule mzee. Akipiga chafya mimi naumwa.

Sasa mwezi wa saba nikaombwa nimbebe bibi harusi. Namba zangu ni za magari ya kihistoria, na kwa sheria ya Ohio gari la namna hiyo si la kwendea kazini wala sokoni. Ni la maonyesho, gwaride na mambo kama hayo, pamoja na kwenda na kurudi kwenye matengenezo. Aliyeitunga sheria hiyo lazima naye alikuwa na Babu. Nikajipa moyo kwamba msafara wa harusi nao ni gwaride.

Jua la siku hiyo lilikuwa la Tanga kabisa. Tuko barabarani, matarumbeta kwenye gari la mbele, bibi harusi nyuma na shela lake, taa nyekundu ikatusimamisha. Babu akatikisika, akapumua, kimya. Petroli ilikuwa imechemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Nikashuka na kanzu yangu, nikafungua boneti, nikatoa mfukoni vibanio vya nguo vya mbao, nikavibana kwenye bomba la mafuta kimoja kimoja. Wazee wa huku wanaapa kwamba vinapunguza joto. Mke wangu akapiga kelele kutoka Corolla: "Ndiko viliko vibanio vyangu!"

Havikusaidia. Wapambe sita wenye suti wakasukuma kilo 1,800, shangazi mtu anapiga vigelegele, mmoja akateleza na viatu vyake vya kung'aa akapiga goti kwenye lami. Tulifika ukumbini baada ya pilau.

Ile video imezunguka vikundi vyote. Mimi naonekana mgongo tu, kichwa kiko ndani ya boneti. Juzi nikapigiwa simu na watu wengine, harusi yao ni Septemba, wameiona video na wanataka gari hilohilo. Nimewakubalia, ila nimewaambia wapambe waje na raba.