Baba Mkwe Akikohoa

Rafiki yangu wa Tukuyu aliniahidi maporomoko ya maji ambayo watalii hawajayajua. Kaporogwe nilishafika. Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto Kiwira, nilishapiga picha, ile ile ambayo kila mtu anayo. Haya mengine, alisema, yamo ndani kabisa ya msitu wa Mlima Rungwe, hayana njia wala kibao, na anayeyajua ni baba yake, ambaye ujanani alikuwa akirina asali huko.

"Ila mama watoto naye anakuja," akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Mimi ni mtu wa Tanga, sikuona tatizo. Ikabidi nielezwe. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anachepuka, anajificha mpaka mzee apite. Hata jina la mzee halitamki. Vijana wengi wameshaachana na hayo, lakini mzee wetu hajaachana na kitu chochote tangu ujana wake, likiwemo koti alilovaa siku hiyo. Na shemeji, binti wa Kyela, kalelewa vilevile.

Tukapanga hivi: mzee mbele na panga, mwanawe anamfuata, halafu mimi, shemeji nyuma kabisa, asionekane. Mzee akitaka kugeuka, atakohoa kwanza. Ulikuwa mpango mzuri sana.

Mzee alikuwa na mafua.

Tulipoacha mashamba ya viazi na kuingia chini ya miti mikubwa, baridi ikamkamata kifua. Kila akikohoa nasikia kishindo nyuma yangu: shemeji kaingia kichakani. Anatoka na majani kichwani, hajajikung'uta sawasawa, kikohozi kingine, huyo karudi. Safari moja akaangukia kwenye majani ya kuwasha. Hakusema neno. Alimtupia mumewe jicho moja tu, na mwenzangu akawa mpole mpaka jioni.

"Hapo tu mbele," mzee akawa anatutia moyo. Nyanda za juu kusini, "hapo tu mbele" huwa na milima mitatu ndani yake. Tulipanda, tukashuka, tukavuka kijito, kisha tukavuka kijito ambacho mimi naamini kilikuwa kile kile. Raba zangu zilitoka nyumbani zikiwa nyeupe. Mzee, na yeboyebo zake, hakuteleza hata mara moja.

Ghafla akainua mkono. "Mnasikia? Maji hayo!"

Kweli, kulikuwa na mngurumo mzito. Tukakaza mwendo kuufuata. Cha ajabu, kadiri tulivyoufuata ndivyo ulivyohamia kushoto, halafu ukawa nyuma yetu, halafu ukawa juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa mvua, inakuja juu ya majani ya msitu mzima. Mvua ya Tukuyu haikupi nafasi ya kufungua mwavuli.

Wanaume watatu tukajibana chini ya mwamba. Mzee hakuonyesha wasiwasi. Msitu huu unaficha vitu, akatuambia. Kipunji, kima wao wa siku zote, wataalamu walimwona humu mwaka 2003 tu, na miaka miwili baadaye wakamtangaza kuwa mnyama mpya. "Mpya!" mzee akacheka, akakohoa sana.

Mvua ilipopungua ndipo tukagundua kwamba hakuna kishindo kilichojibu. Shemeji hayupo.

Mumewe akaita mpaka sauti ikakwaruza. Mwisho ikaja sauti kutoka bondeni, ya mtu aliyechoka na ukoo mzima: "Niko huku! Niliteleza! Na maporomoko yenu yako huku!"

"Mwulize," mzee akamwambia mwanawe, "yanagawanyika mara mbili yakishuka?"

"Yanagawanyika mara mbili?"

"Ndiyo!"

"Anasema ndiyo, baba."

"Ndiyo hayo. Nilisema hapo tu mbele."

Tukateremka, mimi zaidi kwa makalio. Na kweli, maji yalikuwa yanamwagika kutoka juu ya ukuta wa mawe meusi, moshi wa maji unatupiga usoni. Shemeji amesimama kwenye jiwe pana mbele yake, mahali pekee pa kusimama, wala hakuna kichaka karibu. Mzee alipofika akampa mgongo papo hapo, akayapa mgongo na maporomoko. Aliyekuja kutuonyesha akawa anatazama udongo wa ukingoni.

"Maji ni mengi?" akauliza udongo.

"Mengi, baba."

"Mgeni ameyapenda?"

Kabla sijajibu, akakohoa. Shemeji akaangalia kulia, mwamba. Akaangalia kushoto, mwamba. Akakaza kitenge chake, akaingia majini mpaka shingoni.

"Mwambie mkeo," mzee akasema bila kugeuka, "hayo ni mafua tu."