Je, majina ya vikoa yafuate madaraja ya alama za biashara?

Mwaka 1994, Uzi Nissan, mfanyabiashara wa kompyuta nchini Marekani, alisajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, nissan.com kwa jina la ukoo wake. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshtaki. Walivutana mahakamani kwa miaka mingi, na mwishowe jina likabaki kwake.

Kisheria, wote wawili walikuwa na pa kukaa. Mkataba wa Nice wa 1957 umezaa mpangilio wa alama za biashara ambao leo unagawa bidhaa na huduma katika madaraja 45: magari yako daraja la 12, kompyuta la 9. Intaneti haina mgawanyo huo, na nissan.com ni moja tu duniani. Ndiyo hoja ya wanaotaka vikoa vipangwe kwa madaraja, kila mmoja apate jina lake kwenye fungu lake. Ni hoja nzito. Anayewahi kusajili ndiye anayepata, hata kama mwenzake ana haki ileile. UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya vikoa uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, unawabana wanaonyakua majina kwa nia mbaya. Wenye haki wawili hauwagawii chochote.

Ila tazama daraja la 9 lenyewe. Humo mna programu za kompyuta na mitungi ya kuzimia moto. Mpangilio huu ulitungwa kwa ajili ya ofisi za usajili, na mtu anayetafuta mtungi wa kuzimia moto hatakumbuka namba ya daraja lake.

Tena alama ya biashara ina mipaka ya nchi. Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi, ni uleule, daraja lilelile, lakini Marekani na Kanada alama ni ya kampuni ya Hasbro, kwingineko ni ya kampuni ya Mattel. Daraja haliwatenganishi. Kilichowafaa ni ukurasa mmoja wa scrabble.com uliokuwa ukimuuliza mgeni yuko nchi gani, kisha ukimpeleka panapohusika.

Linalonisumbua zaidi ni wasiouza kitu. Ukoo, kijiji, mkosoaji wa kampuni: hawa hawana daraja lolote kati ya yale 45, na mpango huu ukifanywa kuwa wa lazima, utawaacha nje ya mtandao ambao ni wao pia. Kwa hiyo vikoa vya madaraja viwepo kwa wafanyabiashara wanaovitaka, kwa hiari, na majina ya kawaida yaendelee kuwa wazi kwa yeyote anayeyatumia kwa nia njema.