Mtoto wa mbweha: kwa nini huyu ahame, yule abaki?

Vijiweni Dar es Salaam, Mbagala au Sinza, kijana anayechelewa kuhama kwao huambiwa: "Hata wanyama huwafukuza watoto wao wakikua." Kwa mbweha, madai hayo hayasimami.

Mbweha mwekundu wa Ulaya huzaliwa Machi au Aprili. Kuanzia Septemba hadi katikati ya majira ya baridi, baadhi ya vijana huhama. Madume huhama zaidi ya majike, tena huenda mbali zaidi. Huko Bristol, Uingereza, watafiti Harris na White walichunguza kama wanaohama ndio wanaochapwa zaidi na wakubwa. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 1992, yalielekeza kwingine: kilichotangulia kuhama ni ukaribu kupungua. Kijana alisafishwa manyoya mara chache na kukaa na wenzake kwa nadra, hata kama hakuna aliyemng'ata.

Faida ya kuhama ni kuzaa. Katika himaya moja, yaani eneo linalolindwa na familia moja, kwa kawaida huzaa jozi moja inayotawala, na jike aliye chini yao mara nyingi hazai. Gharama yake ni nzito: barabara, njaa katika eneo asilolijua, meno ya wenye eneo. Tena himaya zikiwa kubwa, kijana hulazimika kwenda mbali zaidi kabla ya kupata nafasi.

Upande wa kubaki una ushahidi mzuri hapa kwetu. Bweha mgongo mweusi wa Serengeti ni wa ukoo huohuo wa mbwa, na mwaka 1979 mtafiti Patricia Moehlman alionyesha kwamba jozi zenye wasaidizi, yaani watoto wa uzao uliotangulia, hukuza watoto wengi zaidi. Msaidizi hulinda shimo dhidi ya fisi na huwatapikia wadogo zake chakula. Wazazi hushikamana kwa miaka, kwa hiyo wadogo zake ni wa baba na mama mmoja: wastani wa nusu ya vinasaba vyao ni vyake, kama ambavyo ingekuwa kwa watoto wake mwenyewe.

Hata hivyo, hoja ya undugu hutiwa chumvi. Wasaidizi wengi huondoka baada ya msimu mmoja. Kwa maoni yangu kinachoamua zaidi ni nafasi: je, jirani pana eneo lililo wazi, na je, chakula cha nyumbani kinamtosha mmoja zaidi? Undugu hufanya kusubiri kuwe na faida.

Takwimu za umbali nazo zisomwe kwa tahadhari. Mawimbi ya kola ya redio ya kawaida, yaani mkanda anaovalishwa mnyama shingoni ili afuatiliwe, hunaswa karibu tu, hivyo anayekwenda mbali zaidi ndiye anayekosekana kwenye hesabu, na umbali wa wastani unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Mwaka 2018 jike mchanga wa mbweha wa aktiki alitoka Svalbard, visiwa vya Norway, hadi Kanada, kilomita 3,506 kwa siku 76. Alijulikana kwa sababu kola yake ilisomwa na setilaiti. Kwa antena ya mkononi angeandikwa "amepotea".