Superchick, kelele, na nani anashika gitaa

Katika kanisa moja hapa Tabora mjini, upande wa Isevya, mazoezi ya kwaya ya vijana yaliingia dosari kwa sababu ya flashi. Mabinti wawili, wakimsubiri mwalimu wa kwaya, walichomeka kwenye spika albamu ya kwanza ya Superchick, Karaoke Superstars, ya mwaka 2001. Mzee wa kanisa aliyekuwa akipita akaagiza izimwe. "Hili ni disko," alisema. Tangu hapo wapo wanaosema mzee kakosea, na wapo wanaosema kachelewa.

Superchick ilikuwa bendi ya Kikristo ya Chicago, Marekani, na waliosimama mbele ni Tricia na Melissa Brock, ndugu wa tumbo moja. Muziki wao ni pop-panki: magitaa yanayokwaruza, ngoma za mbio, wimbo unaisha hujakaa vizuri. (Kwetu panki ni mtindo wa kunyoa. Nahisi jina peke yake lilimtosha mzee.)

Hoja ya kelele siipi muda mrefu. Mji huu ndio wa bendi za dansi, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na gitaa la umeme lilikuwa la ukumbi wa dansi. Leo besi ndiyo inayobeba sebene la kwaya zetu, na wazee wanatikisa kichwa kwa furaha.

Hoja nzito ni ya maneno. One Girl Revolution, wimbo wao unaojulikana sana, haumtaji Yesu hata mara moja, na ulitumika kwenye filamu ya Legally Blonde ya mwaka 2001. Wapinzani wanauliza: wimbo unaokaa raha mustarehe kwenye filamu ya Hollywood, Ukristo wake uko wapi? Swali halali. Ukisikiliza nyimbo mbili tatu za namna hiyo mfululizo, unaweza kuondoka ukidhani kazi ya Mungu ni kukuongezea kujiamini. Halafu nani ataziimba? Bibi zetu hata pumzi haziwatoshi kwa mwendo ule. Kwenye ibada zisipigwe, hapo niko na mzee.

Ila kutomtaja si kumkana. Kitabu cha Esta, kwa Kiebrania, hakina jina la Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, nacho ni habari ya binti aliyeingia peke yake mahali ambapo hakuitwa. Hakuna aliyekichana. Wimbo ule nao una msichana anayesimama mwenyewe mbele ya wakosoaji na mawe yao. Msomaji wa Yohana 8, habari ya mwanamke aliyeletwa apigwe mawe, haulizi mawe hayo yametoka wapi.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba albamu imehukumiwa kabla haijafika kwenye wimbo uitwao Barlow Girls. Huo unawasifu madada wa kweli, wa ukoo wa Barlow, walioamua kutojiingiza katika mapenzi ya kujaribujaribu. Ndiyo mahubiri yetu ya kila kongamano la vijana! Mzee angevumilia dakika chache angejibu amina. Wa kunung'unika ningekuwa mimi, maana wimbo unawapima mabinti kwa macho ya wavulana, wanaowapenda kwa kuwa wanawakumbusha mama zao.

Lakini madada hao hawakubaki kuwa mfano ndani ya wimbo wa watu wengine. Rebecca, Alyssa na Lauren waliunda bendi, BarlowGirl, na mwaka 2004 wakatoa albamu yao ya kwanza. Rebecca gitaa, Alyssa besi na kinanda, Lauren ngoma. Watatu, wote wasichana, na vyombo mikononi mwao.

Sasa njoo mazoezini kwetu. Sauti ya kwanza mabinti, ya pili mabinti, anayeanzisha wimbo binti. Kinanda kaka, solo kaka, rizimu kaka, besi kaka. Katika kwaya ninazozifahamu sijaona binti akishika chombo zaidi ya kayamba, na sijasikia mzee yeyote akikemea hilo.

Wanaotetea hali hii wana lao. Gitaa ni ghali, likiharibika kwaya nzima inachangishana. Kaka hao walifundishana wenyewe, usiku, baada ya wengine kwenda nyumbani, na mzazi gani atamwacha binti yake kanisani saa nne usiku kwa ajili ya besi? Mimi pia nisingemwacha. Hata hivyo, saa si lazima iwe hiyo.

Spika ilipozimwa, mmoja wa wale mabinti alimwomba kaka wa besi amwonyeshe pa kuanzia. Akaambiwa arudi kwenye sauti ya kwanza, mwalimu keshafika. Akarudi. Jumamosi mchana kanisa huwa tupu, na ufunguo wa stoo ya vyombo anao mzee yule yule.